Kata Niliyoificha Kwenye Kichuguu

Juzi mjukuu wangu alitupa kifuu kikavu cha nazi motoni, nikamfokea kabla sijajua ninamfokea kwa kosa gani. Kifuu ni kuni nzuri, kila mtu anakichoma. Lakini moshi wake ulinipanda puani, ile harufu ya mafuta na sukari iliyoungua, nikainuka kwenye mkeka, nikakaa, nikainuka tena.

"Bibi, una nini?"

"Sina kitu. Funika sufuria, nzi wanaingia."

Sikumwambia. Kwake yeye maji yanatoka kwenye bidoni ya plastiki na yananywewa kwa kikombe cha plastiki, basi. Ninyi wa rika langu ndio mtakaonielewa, mliokulia katika nyumba ambazo kifuu hakikutupwa. Kilikwanguliwa kwa kigae mpaka kikawa laini, kikatobolewa, kikapitishwa mpini mrefu wa mti, kikawa kata ya kuchotea maji. Na juu ya kifuu, kwa chuma cha moto, kila nyumba ilichoma alama yake. Yetu ilikuwa mistari miwili na mmoja umeikata katikati. Harufu ya kuchoma ile alama ndiyo iliyonikuta juzi.

Tulikaa kijiji kimoja kati ya Diaca na Mocímboa, kaskazini mwa Msumbiji. Wazazi wangu walikuwa wamerudi kutoka ng'ambo ya Ruvuma baada ya vita vya uhuru, na huko ng'ambo waliupokea Ulutheri, wakarudi nao kichwani pamoja na masufuria. Tulikuwa nyumba chache tu katikati ya Wakatoliki na Waislamu. Kanisa letu lilikuwa la miti na udongo, bila mlango. Mchungaji alikuja mara moja kwa mwezi kwa baiskeli. Siku zilizobaki alituongoza mwinjilisti, Mzee Simoni, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake.

Ukutani mle kanisani palikuwa na vijiti vimechomekwa kwenye udongo, safu moja ndefu. Hivyo vilikuwa vya kata. Nyumba iliyoelemewa, yenye mgonjwa au mzazi au mzee asiyejiweza, ilileta kata yake Ijumaa na kuitundika. Haikuulizwa neno. Mzee Simoni alisimama mbele ya ukuta, akazishika moja moja, akataja nyumba, tukaomba. Kesho yake Jumamosi akina mama walizichukua zile kata, wakaenda nazo nyumba kwa nyumba. Walichota maji kwa kata ya nyumba ile ile, wakapasua kuni, wakafagia, wakaacha unga, wakairudisha kata mtungini. Hawakula pale, hawakukaa, hawakupokea asante. Bibi Somoe, jirani yetu Mwislamu, naye aliwahi kutundika ya kwake alipovunjika mkono, na hakuna aliyemuuliza anaswali wapi.

Miezi mingine kazi hii ilifanyika mara moja, wiki ile ya mchungaji. Kwaresima ilifanyika kila wiki. Ngoma ilinyamaza, kitambaa cha zambarau kilitandikwa mezani, na ukuta ulijaa kata. Ni miezi ya mvua na njaa ile, mahindi bado mabichi shambani, homa kila nyumba. Lakini hilo la mvua na njaa na homa nalijua leo. Wakati ule nilikuwa na miaka minane hivi, nikaona kitu kingine.

Kwaresima ya mwaka ule ilianza kwa majivu. Mzee Simoni alinipaka kwenye paji la uso akasema mimi ni mavumbi na mavumbini nitarudi. Wenzangu walicheka mapaji yao meusi. Mimi nilikwenda nyuma ya kanisa nikayafuta kwa jani la mhogo mpaka ngozi ikawasha. Wiki ile ile kata ya mzee mmoja wa kikohozi ilitundikwa, naye akafa. Wiki ya pili ikatundikwa ya nyumba ya binti aliyeolewa msimu uliopita, akafa kwa homa. Wiki ya tatu ilikuwa ya nyumba yenye mapacha waliokwisha kuanza kutembea, pacha mmoja akafa. Kwetu mtu akizikwa, vyombo vyake vinavunjwa na kuwekwa juu ya kaburi. Makaburini nikaona kata tatu zimepasuliwa, alama zinasomeka: hii ilikuwa ukutani, na hii ilikuwa ukutani, na hii.

Basi nikaelewa. Hakuna aliyenieleza, nilielewa peke yangu, na kitu ambacho mtoto amekielewa peke yake hakitoki. Anayetundikiwa kata kanisani, anatajwa. Anayetajwa anafuatwa. Kumbe akina mama wanapokwenda kimya kimya Jumamosi na hawataki kula wala kukaa, wanakwenda kumuaga.

Tangu hapo sikutulia. Nikipelekwa kufukuza ndege shambani, nilikimbia kurudi kuangalia kama kata yetu ipo juu ya mtungi. Nikikaa kula, nilihama upande mmoja wa mkeka hadi mwingine ili niuone mtungi vizuri.

"Felista," mama alisema, "umekalia siafu?"

"Hapana, mama."

"Basi tulia. Unanizungusha kichwa."

Mama alikuwa mjamzito, tumbo lake kubwa, na miguu imevimba hata vidole havionekani. Baba alikuwa Mocímboa bandarini akibeba mizigo, na nyumbani tulimwona mwisho wa mwezi. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Nyuma yangu alikuwepo mdogo wangu wa kubebwa, aliyejua kula na kulia tu.

Bibi Somoe alikuja alfajiri ya Ijumaa ile kuomba moto. Alimkuta mama ameshika ukuta anapumua kwa mdomo.

"Mama Felista, peleka kata kwa wenzio."

"Bado natembea."

"Unatembea! Bata anatembea kuliko wewe. Ukingoja haka kasichana kakujazie mtungi, utazaa bondeni na vyura wakushangilie."

"Mama Paulina atanichekea."

"Mwache acheke. Akicheka huku amebeba maji yako, wewe umepungukiwa nini?"

Mama Paulina ndiye aliyekuwa kiongozi wa akina mama wa kanisa. Yeye ndiye aliyezigawa kata siku ya Jumamosi, nani aende wapi. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na mdomo. Aliwahi kusema mbele za watu kwamba Mama Paulina akiimba ni mbuzi aliyefungiwa kamba fupi. Neno lile lilizunguka kijiji kizima na kumrudia mwenyewe, na tangu siku hiyo walisalimiana kwa nusu mdomo.

Mama aliuachia ukuta. Kisha akaishusha kata kutoka juu ya mtungi, akaifuta kwa kanga yake, akanipa.

"Kaitundike. Kijiti chochote. Usicheze njiani."

Nikaipokea. Nakwambieni, nimekimbia vita mara mbili katika uzee huu, nikiwa na sufuria kichwani na mjukuu mgongoni, na bado sijabeba kitu kizito kama kata ile tupu. Niliipeleka mpaka nikaliona paa la kanisa. Nikarudi nyuma. Nikaenda tena. Nilisimama kwenye njia panda, nikaenda upande wa makaburi hatua kumi, nikageuka. Mvua ilianza. Kando ya njia palikuwa na kichuguu kikubwa cha zamani, mchwa wamekihama, kina tundu ubavuni. Niliisukuma kata humo ndani, mpini na kila kitu, nikaziba kwa majani na udongo wa maji.

"Umetundika?" mama aliniuliza.

"Nimetundika."

"Mzee Simoni ameiona?"

"Ameiona."

Uongo wa kwanza ulinitoka kama mate. Wa pili ulikuwa mwepesi zaidi.

Jumamosi mama aliamka mapema. Alifagia uwanja ili wasikute takataka, maana hata anayesaidiwa ana haya yake. Mtungi na vyungu viwili alivipanga mlangoni, midomo juu, vikavu. Akakaa kwenye kigoda na kungoja. Jua lilipanda. Tuliwaona akina mama wakipita kwenye njia ya chini, kanga za zambarau, kata mikononi, wakaingia nyumba ya tatu kutoka kwetu. Wakatoka. Wakapita tena, na hawakugeuza hata shingo.

Mimi nilifurahi, siwafichi. Niliruka ruka uwanjani nikiwa nimembeba mdogo wangu, nikamwimbia. Nilijua nimemshinda mtu ambaye simwoni. Mama yangu hakutajwa, mama yangu hatafuatwa.

Nikamtazama usoni, na furaha ikakwama. Mama alikuwa anatazama vile vyungu. Hakulia. Midomo yake ilikuwa imekaza, na mkono mmoja unasugua goti, unasugua, unasugua.

"Amenipita," alisema. Hakusema na mimi. "Mama Paulina amenipita mchana kweupe, ndani ya Kwaresima."

"Mama, labda kesho."

"Kesho ni Jumapili. Nani anachota maji ya watu Jumapili?" Akainuka, akakitwika chungu kidogo kichwani na kuchukua bakuli la bati. "Mlaze mtoto. Twende."

"Bibi Somoe je? Tumwombe Bibi Somoe."

"Bibi Somoe yuko shamba. Na sitaomba tena kwa mtu leo. Twende, nimesema!"

Kisima chetu kilikuwa bondeni, shimo pana. Wakati wa mvua pembeni pake pana matope, na maji safi yako katikati. Hapo ndipo mpini mrefu wa kata ulipokuwa na kazi: unasimama juu ya gogo lililolazwa ukingoni, unanyoosha mkono, unachota katikati bila kushuka. Lakini mama hakuwa na kata. Alikuwa na bakuli. Nilimwona akisimama kwenye gogo, akapima kwa macho, akakunja kanga na kuanza kushuka kwenye ukingo kwa miguu ile iliyovimba.

Nilitaka kumwambia kata iliko. Nikasema, "Mama, nishuke mimi."

"Utazama. Kaa hapo hapo."

Aliteleza mara moja tu. Hakupiga kelele. Alikaa chini kwa kishindo, akabiringika ubavu mpaka majini, maji yakamfika kifuani, na chungu kikapasuka juu ya gogo. Nilimvuta kwa kanga na kwa mkono, naye akajisukuma kwa visigino, hata akafika palipo pakavu. Akalala pale ameshika tumbo, macho yamefumba.

"Felista. Kaite watu."

Nikakimbia. Na hapa ndipo niwaambieni jambo ambalo wakati mwingine linaniamsha kwenye usingizi wa mchana. Sikukimbia moja kwa moja. Nilifika kwenye kichuguu nikasimama. Nilijua akina mama wako nyumba gani, naweza kuwafikia sasa hivi. Lakini nikiwaita bila kata, watauliza kata iko wapi. Nikienda na kata, wataitundika, nao watamtaja. Nilizunguka kile kichuguu, sijui mara ngapi, huku mama amelala bondeni peke yake. Mwisho nikachimba kwa kucha, nikaitoa, ina udongo ndani mpaka ukingoni, nikakimbia nayo.

Walikuwa wanapasua kuni kwa yule mama wa mapacha. Mama Paulina ndiye aliyeniona kwanza. Aliiona alama, akauona udongo.

"Hii ni ya nyumbani kwenu. Imetoka wapi?"

"Mama ameanguka kisimani."

Shoka lilidondoka. Sikuwahi kuona mwanamke mnene akikimbia namna ile. Walimbeba mama kwenye kanga mbili zilizofungwa pamoja, wakampeleka nyumba ya Bibi Somoe, maana ilikuwa karibu na bonde, na mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza anatua jembe. Bibi Somoe alitazama mara moja akasema, "Uchungu umeshika. Maji ya moto. Na wewe kasichana, toka."

Nilitoka, na kata bado mkononi. Mama Paulina akatoka nyuma yangu, anahema.

"Lete hiyo nimpelekee Mzee Simoni. Ataigongea kengele, watu waombe."

"Hapana."

"Felista, lete."

Nikaikumbatia. "Mkiitundika mtamuua!"

Akina mama wawili waliokuwa wanachochea moto waligeuka. Mama Paulina alinitazama. Kisha akakaa chini, pale pale kwenye tope, miguu imenyooshwa kama anataka kusuka ukili.

"Nani tumemuua?"

Nikamtajia. Mzee wa kikohozi, binti wa homa, pacha. Nikamwambia nimeziona kata zao makaburini, na alama nazijua. Nikamwambia na majivu.

Hakucheka. Alinyoosha mkono akachukua kata yake mwenyewe iliyokuwa kiunoni, akaigeuza. Chini ya alama ya nyumba yake palikuwa na vitone vyeusi vya moto, vimejipanga.

"Hivi unavijua?"

"Urembo."

"Urembo! Kila kata ikitoka ukutani na kurudi nyumbani, tunaichoma kitone. Hesabu."

Nikahesabu. Vilikuwa saba.

"Mara saba nimetundikiwa hapa. Homa, uzazi, mguu, uzazi tena. Na nimekaa mbele yako nakuchafulia macho. Waliokufa uliwaona kwa sababu tuliwazika mchana kweupe na wewe ulikuwepo. Waliopona hukuwaona, maana wanapita kila siku wanakugombeza. Sasa geuza ya kwenu."

Nikaigeuza, nikaipangusa udongo. Ilikuwa na kitone kimoja.

"Hicho ni wewe," Mama Paulina alisema. "Siku uliyozaliwa, mama yako hakuweza kusimama. Mimi ndiye niliyechota."

Nilikitazama kile kitone. Sikuamini yote, siwadanganyi. Mtoto akiogopa haamini kwa sababu amehesabishwa. Lakini yeye hakunipokonya kata. Alibaki amekaa anasubiri, na ndani mama alianza kulia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Nikakimbia kanisani mwenyewe. Kijiti kilikuwa juu, nikakanyaga benchi, nikaitundika kwa mkono wangu. Mzee Simoni alikuwa anafagia. Aliweka ufagio, akaishika kata, akataja nyumba yetu kwa ile sauti yake kubwa, mimi na yeye tu mle ndani, nami nikaziba masikio, nikaona haifai, nikazibua.

Mtoto alizaliwa jioni ile, mvulana, kabla ya miezi yake. Alipumua mpaka Jumatatu. Alizikwa, na juu yake hapakuvunjwa kitu, maana alikuwa hajatumia chombo chochote. Mama alibaki. Siku nyingi alilala tu, na Jumamosi zilizokuja, Mama Paulina alijaza mtungi wetu mwenyewe bila kumtuma mtu. Baba alirudi kutoka bandarini, akakaa mlangoni siku mbili bila kuvua viatu. Mimi sikumwambia mtu juu ya kichuguu. Mama Paulina alikuwa anajua na hakusema. Nilimkwepa. Nilipomwona njiani niliingia kwenye mihogo.

Kama kuanguka ndiko kulikomuua yule mtoto, au ni miguu ile na njaa ile, mpaka leo sijui, na waliokuwa wanajua wamekufa. Sitafuti wa kuniambia haikuwa kosa langu. Nilikuwa mtoto, ndiyo. Na kosa lilikuwepo, ndiyo.

Pasaka ikapita. Ngoma zikalia tena kanisani. Asubuhi moja mama alijikongoja, akasimama mlangoni akasema anataka kuona bonde, amechoka kutazama paa. Nikampa bega. Tulipofika nusu ya njia, pale penye kichuguu, akasimama kupumzika. Tundu lilikuwa wazi, na majani yangu yamekauka pembeni. Alilitazama, akanitazama.

"Kwa hiyo ilikuwa humu."

Nikayasogeza yale majani kwa mguu.

"Mama Paulina hajaniambia. Bibi Somoe alikuona unachimba siku ile, akitoka shamba." Alivuta pumzi. "Nilimchukia Mama Paulina siku nzima, Felista. Nilishuka kwenye lile tope kwa hasira juu yake. Na yeye hakujua hata kama nina shida."

"Niliogopa utakufa."

"Najua uliogopa. Nyumba nzima uliizunguka kwa woga, nikakuuliza kama umekalia siafu." Alifuta uso kwa ncha ya kanga. "Ungeniambia, ningekucheka. Kisha ningekuonyesha kile kitone. Siku nyingine ukiogopa, niogopee hapa, mbele yangu, kwa mdomo. Umenisikia?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Tembea."

Tukashuka. Mguu wake mmoja ulikuwa bado haujapata nguvu, na uzito wake wote ulikuwa juu yangu, mfupa wa mkono wake umeingia shingoni. Niliuma meno. Nilihesabu hatua. Nilijiambia ninastahili, nisiseme kitu mpaka kisimani, hata bega likichanika nisiseme.

Halafu nikasema. "Mama, bega linauma."

"Haya," akasema, akahamia bega la pili.